Midomo ya Nyota, Koo la Mwingine: Sauti ya Kuazima katika Filamu za Moulin Rouge (1952) na Carmen Jones (1954)

Utangulizi

Waswahili husema nguo ya kuazima haisitiri matako. Methali hii hutumiwa aghalabu kumsuta anayejivunia asichokuwa nacho, lakini yaweza pia kuwa mlango wa kuingilia suala ambalo wanafunzi wa fasihi na sanaa za maonyesho hulipita bila kuligusa: mhusika wa filamu anayeimba kwa sauti isiyo yake. Mtazamaji huona midomo ikifunguka na kufumba, husikia wimbo, na bado moyo wake hukataa. Anajua kuna uongo mahali fulani, hata kama hawezi kuuonyesha kwa kidole.

Katika mazungumzo ya kila siku, hasa ya vijana wa mijini, jambo hili huitwa kuimba kwa pleibeki. Msanii hupanda jukwaani, wimbo uliorekodiwa ukachezwa, naye akaufuatisha kwa midomo huku akirukaruka. Makala haya yanatumia istilahi mbili ili kutenganisha mambo ambayo neno hilo huyachanganya. Kufuatisha ni kitendo cha kusogeza midomo kulingana na wimbo uliokwisha kurekodiwa. Sauti ya kuazima ni hali ambapo wimbo huo uliimbwa na mtu mwingine kabisa. Anayefuatisha sauti yake mwenyewe ana tatizo la wakati tu, yaani kuwahi au kuchelewa. Anayefuatisha sauti ya mwingine ana tatizo la mwili, na hilo ni gumu zaidi.

Filamu mbili za miaka ya 1950 zimeteuliwa kuwa mfano: Moulin Rouge, iliyoongozwa na John Huston mwaka 1952, na Carmen Jones, iliyoongozwa na Otto Preminger mwaka 1954. Kinachoziunganisha ni mwanamke mmoja, Muriel Smith, ambaye jina lake halikumbukwi sana leo. Katika filamu ya kwanza sauti yake ilitiwa kinywani mwa mtu mwingine. Katika ya pili hakuwamo, ingawa alistahili kuwamo kuliko wengi.

Jane Avril aliyefanywa aimbe

Moulin Rouge inasimulia maisha ya mchoraji Mfaransa Henri de Toulouse-Lautrec (1864–1901), ambaye miguu yake iliacha kukua baada ya kuvunjika utotoni. José Ferrer, aliyekuwa mtu mzima wa kimo cha kawaida, aliigiza uhusika huo kwa kutembea kwa magoti katika sehemu nyingi za filamu, miguu ikiwa imefungwa kwa nyuma. Hila hii ni kubwa mno, lakini mtazamaji huikubali. Baada ya dakika chache husahau kabisa kwamba Ferrer ana miguu.

Kisha anatokea Zsa Zsa Gabor. Gabor alizaliwa Budapest na tayari alikuwa nyota, wa magazeti labda kuliko wa filamu. Katika Moulin Rouge yeye ni Jane Avril, kipenzi cha wateja wa kilabu cha usiku jijini Paris. Mavazi yake ni ya kupendeza, uso wake ni wa kupendeza, na kamera inalijua hilo. Anafungua kinywa kuimba, na papo hapo ushabihikweli wa onyesho zima unayumba. Mtazamaji yule yule aliyekubali mtu atembee kwa magoti sasa hakubali mwanamke aliyesimama kwa miguu yake mwenyewe akiimba.

Sababu ya kwanza haihitaji utaalamu. Gabor anapozungumza, lafudhi ya Kihangari inasikika waziwazi katika kila sentensi ya Kiingereza. Anapoimba, lafudhi hiyo inatoweka. Koo limebadilishwa katikati ya mazungumzo, kama mtu aliyeingia chumbani akiwa mwenyeji wa Busia na kutoka upande wa pili akiwa mwenyeji wa Lamu. Sikio la binadamu ni jasusi mzuri wa lafudhi, halihitaji kufundishwa.

Lipo jambo jingine, na hili huwapita wengi. Jane Avril wa historia (1868–1943) hakuvuma kwa uimbaji. Alikuwa mchezaji ngoma. Bango mashuhuri ambalo Lautrec alimchorea mwaka 1893 linamwonyesha akiwa ameinua mguu mmoja juu, uso ukiwa umechoka na hauna tabasamu. Filamu ilimnyima miguu yake iliyomletea sifa, ikampa sauti ambayo hakuwa nayo, kisha sauti hiyo ikaazimwa kwa mtu wa tatu. Mhusika amekatwa vipande vitatu kabla hajaimba beti mbili.

Kinachoonekana mdomoni

Mwanafunzi wa isimu ana nafasi nzuri ya kueleza kwa nini jicho halidanganyiki kwa urahisi. Ala za kutamkia ni nyingi, lakini ni chache zinazoonekana kwa mtu aliye mbele ya msemaji. Midomo huonekana, na meno ya mbele, na ncha ya ulimi mara moja moja. Ufizi, kaakaa laini na nyuzi za sauti haziko machoni pa mtazamaji. Ndiyo maana konsonanti za midomo, yaani p, b na m, ndizo mtego mkubwa wa anayefuatisha: midomo isipofumba kabisa kwa wakati wake, hakuna wa kuisaidia. Irabu za mviringo, o na u, ni mtego wa pili. Kwa upande mwingine, mwigizaji anaweza kukosea k au g mara kumi na pasiwe na mtu wa kumshtaki.

Jicho na sikio hazifanyi kazi kama mashahidi wawili waliotengwa. Mwaka 1976 wanasaikolojia Harry McGurk na John MacDonald walionyesha kwamba mtu akisikilizishwa silabi “ba” huku akitazama mdomo unaotamka “ga”, aghalabu atadai amesikia “da”. Ubongo hupatanisha habari mbili zinazogongana na kuunda ya tatu. Kwa hiyo mdomo mbovu hauishii kuonekana vibaya. Huuharibu hata wimbo wenyewe masikioni.

Kuhusu wakati, filamu hupita kwa kasi ya picha 24 kila sekunde, kila picha ikichukua takriban milisekunde 42. Viwango vya utangazaji vya kimataifa vinakadiria kwamba mtazamaji huanza kutambua kasoro pale sauti inapotangulia picha kwa takriban milisekunde 45, ilhali sauti ikichelewa anaweza asitambue hadi ifikie milisekunde 125 hivi. Tofauti hiyo ina mantiki. Anayemtazama mtu akikata kuni ng’ambo ya bonde huona shoka likitua kabla ya kusikia mlio wake, na hashangai. Mlio ukitangulia shoka, huo ni uchawi.

Hata hivyo, ingekuwa makosa kudhani kwamba tatizo la Gabor ni milisekunde. Midomo yake haichelewi kiasi cha kuchekesha. Tatizo liko chini ya kidevu. Anayeimba kwa nguvu huvuta pumzi kabla ya kifungu, na pumzi hiyo huonekana kifuani na mabegani. Shingo hukaza sauti inapopanda. Taya hushuka, na uso hupoteza sehemu ya urembo wake kwa muda, maana hakuna anayeweza kuimba noti ndefu ya juu na kubaki kama picha ya gazeti. Gabor anabaki kama picha ya gazeti. Sauti inayosikika ni ya mtu anayefanya kazi. Mwili unaoonekana ni wa mtu anayepigwa picha. Uhalisia unavunjikia hapo.

Huenda mtu akauliza kwa nini waongozaji hawakuliona hilo. Waliliona. Lakini nyota alikuwa ameajiriwa kwa sababu ya uso, na kumtaka aukunje uso huo ni sawa na kununua zulia na kulianika chini ya mti wa kunguru.

Muriel Smith

Sauti inayotoka kinywani mwa Gabor ni ya Muriel Smith, mwimbaji Mmarekani mweusi. Jambo la ajabu ni kwamba Smith mwenyewe yumo ndani ya filamu hiyo hiyo. Anaigiza kama Aicha, mmoja wa wachezaji ngoma wa kilabu. Mtazamaji makini anaweza basi kuuona mwili wa Smith mahali pamoja na kuisikia sauti yake ikitoka mahali pengine, ndani ya gauni la mwanamke mwingine. Aicha ni mhusika mdogo, mtu wa vurugu na ngoma. Uzuri wa sauti yake umepewa Jane Avril, mhusika anayependwa na kamera.

Smith hakuwa mwimbaji wa kuokotwa. Tarehe 2 Desemba 1943, tamthilia ya nyimbo iitwayo Carmen Jones ilianza kuonyeshwa Broadway, New York. Mtunzi wake, Oscar Hammerstein wa Pili, alikuwa amechukua muziki wa opera ya Carmen ya Georges Bizet, iliyoonyeshwa kwanza Paris mwaka 1875 na ambayo nayo ilitokana na novela ya Prosper Mérimée, akauhamishia hadithi kwa Wamarekani weusi wakati wa Vita Vikuu vya Pili. Kiwanda cha sigara kikawa kiwanda cha miavuli ya kurukia kutoka ndege. Mpiganaji wa mafahali akawa bondia. Uhusika wa Carmen ulikuwa mzito kwa koo moja kuubeba usiku baada ya usiku, kwa hiyo waimbaji wawili walipokezana: Muriel Rahn na Muriel Smith, ambaye alikuwa na umri wa miaka 20 tu.

Tarehe hiyo ina uzito katika hoja hii. Inathibitisha kwamba miaka 11 kabla ya filamu kutengenezwa, walikuwapo wanawake weusi walioweza kuimba muziki wa Bizet mbele ya hadhira iliyolipa, bila kipaza sauti cha studio na bila nafasi ya kurudia. Swali la uwezo lilikuwa limekwisha kujibiwa.

Carmen Jones na koo la msichana wa miaka 20

Studio ya 20th Century Fox ilipoitoa filamu ya Carmen Jones mwaka 1954, Carmen alikuwa Dorothy Dandridge, na mpenzi wake, mwanajeshi Joe, alikuwa Harry Belafonte. Wote wawili walikuwa waimbaji. Dandridge alikuwa ameimba tangu utotoni na baadaye katika vilabu vya usiku. Belafonte alikuwa amepata tuzo ya Tony mwaka uo huo kwa onyesho la nyimbo Broadway. Ni Belafonte huyu ambaye mwaka 1965 alitoa santuri pamoja na Miriam Makeba na kuuimba naye wimbo wa “Malaika”, naye msikilizaji wa Afrika Mashariki hahitaji kuelezwa zaidi juu ya sauti yake: laini, yenye mkwaruzo kidogo, inayozungumza hata inapoimba.

Hakuna hata mmoja wa wawili hao anayesikika akiimba katika Carmen Jones. Kwa Dandridge iliazimwa sauti ya Marilyn Horne, mzungu aliyekuwa na miaka 20 na ambaye bado hakuwa na jina, ingawa baadaye alikuja kuwa mmoja wa waimbaji wakuu wa opera wa karne ya 20. Kwa Belafonte iliazimwa sauti ya LeVern Hutcherson, Mmarekani mweusi aliyejulikana kwa kuimba uhusika wa Porgy jukwaani. Hoja iliyotolewa ilikuwa ya kiufundi: nyimbo zimebaki na muundo wa opera, na waimbaji wa vilabu hawana mafunzo ya opera. Hoja hiyo ina ukweli wake. Lakini aliyetaka koo la opera angeweza kumtafuta Smith au Rahn. Na aliyemtaka Belafonte angeweza kuushusha wimbo umfikie alipo, kama fundi anavyopunguza suruali kabla ya kumlaumu mteja kwa kuwa mfupi.

Zikilinganishwa, midomo ya wawili hawa haifaulu kwa kiwango kimoja. Dandridge anakaribia kuaminika, Belafonte anashindwa, na tofauti hiyo inafundisha mengi.

Wimbo mkuu wa kwanza wa Carmen unaimbwa katika ukumbi wa kulia chakula wa kiwandani. Carmen amevaa blauzi nyeusi na sketi nyekundu. Anapita kati ya meza, anawachokoza wanaume, anawageuzia mgongo. Kihadithi, hapo Carmen anaigiza. Anajionyesha mbele ya hadhira iliyomo ndani ya filamu, na kwa hiyo kiasi fulani cha ubandia ni sehemu ya tabia yake. Mabega, kiuno na macho ya Dandridge yana kazi ya kufanya kila sekunde. Mdomo ni kiungo kimoja tu kati ya vingi. Isitoshe, Horne alieleza baadaye kwamba alijitahidi kuipaka sauti yake rangi ya sauti ya Dandridge, kana kwamba anamwigiza mwigizaji. Mkopeshaji alimwendea mkopaji, wakakutana njiani.

Joe hana bahati hiyo. Wimbo wake mkuu, ule wa ua alilotumiwa na Carmen, anauimba akiwa kifungoni. Hana hadhira, hana ngoma, hana wa kumchokoza. Ni mtu, ua na kumbukumbu. Mwigizaji hana pa kujificha, na sauti inapoanza, hamfanani. Dakika chache kabla ya hapo mtazamaji amemsikia Joe akizungumza kwa sauti ya chini, ya karibu, ya mtu mwenye haya. Sasa kutoka kifua kile kile inatoka sauti iliyofunzwa kujaza jumba la maonyesho. Hutcherson anaimba vizuri. Hilo halina ubishi. Lakini anaimbia watu 2,000, ilhali Belafonte amesimama akiliwazia ua moja.

Teknolojia nayo iliongeza chumvi kwenye kidonda. Filamu ilipigwa kwa CinemaScope, mfumo wa pazia pana ambao Fox iliuzindua mwaka 1953. Preminger alipenda kuiacha kamera itazame kwa muda mrefu bila kukata. Mtindo huo ni hazina kwa mwigizaji anayetumia sauti yake, na ni hukumu kwa anayeazima. Mhariri anayekatakata picha anaweza kuficha pumzi isiyovutwa. Kamera isiyopepesa hufichua yote.

Kama ushahidi unahitajika, umo ndani ya filamu yenyewe. Pearl Bailey, aliyeigiza kama Frankie, anaimba kwa sauti yake katika onyesho la baa, mwanajazi Max Roach akiwa kwenye ngoma. Bailey haimbi kama mwanaopera hata kidogo. Anauvuta wimbo wa Bizet hadi kwenye namna yake ya kusema, anabana macho, anatabasamu katikati ya neno. Kwa dakika hizo chache filamu inapumua. Kisha wimbo unakwisha, na makoo ya kuazima yanarudi.

Lahaja ya mazungumzo na lahaja ya wimbo

Mpasuko kati ya Joe msemaji na Joe mwimbaji hauko kwenye sauti pekee. Maneno ya nyimbo yaliandikwa na Hammerstein katika Kiingereza alichokidhania kuwa cha watu weusi, chenye matamshi yaliyopindwa kwa makusudi. Hata jina la wimbo mkuu wa Carmen, “Dat’s Love”, limeandikwa hivyo. Mazungumzo ya filamu, kinyume chake, yako karibu na Kiingereza cha kawaida cha Marekani. Mhusika huzungumza hivi na kuimba vile.

Msomaji wa Kenya anaweza kuipima kasoro hii kwa mfano wa nyumbani. Achukue tamthilia ambamo mhusika kutoka Mvita anazungumza Kiswahili fasaha tangu pazia kufunguliwa. Kila anapoanza kuimba, anatiwa kinywani Kisetla, kile Kiswahili kilichovunjwavunjwa cha walowezi na watumishi wao. Kisha wimbo huo uimbwe na binti wa mlowezi aliyejificha nyuma ya pazia. Hakuna mhariri wa tamthilia ya Kiswahili ambaye angeipitisha. Naam, hivyo ndivyo alivyotengenezwa Carmen: maneno yaliyotungwa na mzungu kwa kile alichodhani ni lahaja ya weusi, yakaimbwa na mzungu, yakafuatishwa na mwanamke mweusi ambaye hakuzungumza hivyo na hakuimba hivyo. Mwandishi James Baldwin, katika insha aliyoichapisha mwaka 1955, aliishambulia filamu hii akitaja, pamoja na mengine, ubandia wa usemi wa wahusika wake. Yamkini alikuwa mkali kupita kiasi kuhusu baadhi ya mambo. Kuhusu usemi hakukosea.

Hata hivyo Dandridge aliteuliwa kuwania tuzo ya Oscar ya mwigizaji bora wa kike, akawa mwanamke mweusi wa kwanza kuteuliwa katika kitengo hicho. Mwaka 1955 tuzo ilimwendea Grace Kelly. Uteuzi huo ulikuwa haki yake. Uigizaji wake unaonekana hasa pale anaponyamaza au anapozungumza, na nusu ya kazi ya Carmen ilikuwa ni kumfanya mtazamaji asahau koo la mtu mwingine.

Mkopo uliotangazwa

Swali gumu lingali linasubiri. Ikiwa sauti ya kuazima huvunja uhalisia, mbona watazamaji wa Mombasa, Lamu na Zanzibar walijaza majumba ya sinema kwa miongo mingi kutazama filamu za Kihindi, ambazo karibu nyimbo zake zote huimbwa na watu wasioonekana?

Desturi hiyo ilianza India mnamo 1935. Mwanzoni nayo ilikuwa ya siri. Filamu ya Mahal ilipotoka mwaka 1949, santuri ya wimbo wake mkuu ilibandikwa jina la mhusika, Kamini, kana kwamba kivuli cha pazia ndicho kilichoingia studio. Wasikilizaji hawakuridhika, walitaka kumjua mwenye sauti. Alikuwa Lata Mangeshkar (1929–2022). Tangu hapo jina la mwimbaji likawa sehemu ya tangazo la filamu, na mara nyingine likawa kubwa kuliko la mwigizaji. Anayejua kwamba anayeimba ni Lata au Mohammed Rafi hadanganywi anapoona midomo ya mwingine ikicheza. Huo ni mkopo uliotangazwa mbele ya mashahidi. Rafi naye alisifika kwa kuibadili sauti kulingana na mwigizaji aliyemwimbia, na waigizaji wakajifunza nyimbo hizo kama wanavyojifunza mazungumzo.

Hadhira ya pwani ilikuwa na matayarisho mengine ya kuukubali mgawanyo huo. Katika taarab, mshairi hutunga, mwimbaji huimba, na nafsineni katika shairi huenda isiwe yeyote kati yao. Mwanamume anaweza kuimba malalamiko ya mke mwenza, na hakuna anayelalamika. Juma Bhalo wa Mombasa alichukua mahadhi ya filamu za Kihindi na kuyavika mashairi ya Kiswahili, na wapenzi wake walijua fika mahadhi yalikotoka. Katika mfumo wa namna hiyo sauti haidai kuwa mali ya mwili unaoonekana. Mapatano kati ya msanii na hadhira ni ya wazi.

Hollywood ya miaka ya 1950 ilitaka mambo mawili kwa pamoja: sauti ya mmoja na sifa ya mwingine. Marni Nixon, aliyemwimbia Deborah Kerr katika The King and I mwaka 1956, alieleza baadaye kwamba alionywa asiitangaze kazi hiyo. Uso ulikuwa bidhaa, na bidhaa haikutakiwa kuonyesha mishono. Lakini pale mishono inapofichwa ndipo mtazamaji huitafuta. Kwa hiyo Gabor haaminiki kwa sababu filamu inamwomba mtazamaji aamini kwamba ni yeye anayeimba. Nyota wa filamu ya Kihindi hakuombwa kutoa dai hilo.

Na tofauti ya rangi haiwezi kuondolewa katika hesabu hii. Mwaka 1952 sauti ya mwanamke mweusi ilionekana inafaa kutoka kinywani mwa mrembo mzungu. Mwaka 1954 mwili wa mwanamke mweusi ulionekana unafaa kwa uhusika wa Carmen, lakini sauti ikatafutwa kwa mzungu. Muriel Smith, Carmen wa kwanza wa Broadway, aliendelea kuazimisha. Katika filamu ya South Pacific ya mwaka 1958 alimwimbia Juanita Hall, na Hall mwenyewe ndiye aliyekuwa ameuimba uhusika huo Broadway. Preminger naye alirudia utaratibu ule ule katika Porgy and Bess mwaka 1959: Sidney Poitier alipewa sauti ya Robert McFerrin, na Dandridge, kwa mara nyingine, akafuatisha wimbo wa mtu mwingine, safari hii Adele Addison. Dandridge alifariki mwaka 1965 akiwa na miaka 42.

Kati ya filamu hizo mbili za Preminger kuna nyingine, Island in the Sun, iliyoongozwa na Robert Rossen mwaka 1957. Dandridge na Belafonte wamo humo, ingawa wahusika wao si wapenzi. Si filamu kubwa, na sehemu zake nyingi zimechakaa. Lakini Belafonte anaimba humo kwa sauti yake. Wimbo wa jina la filamu aliutunga pamoja na Irving Burgie, kwa kipimo cha kifua chake. Mwanafunzi anayetaka kulielewa suala hili aitazame mara baada ya Carmen Jones, na aitazame shingo ya mwimbaji kuliko midomo.